Bobi na Shimo la Ndizi

Jumanne asubuhi, Agosti 1997, Ildefonsi alifika kituo cha polisi Kibondo na malalamiko mawili. Beberu wake alikuwa ameibwa wiki iliyopita. Tena mbwa wa jirani alikuwa anamfukulia ua kila siku.

"Mbwa naye ni kesi?" Koplo Makarius aliuliza.

"Ni mbwa wa Ndayisaba, afande, na mwizi ni huyohuyo Ndayisaba. Kamba ya beberu nimeikuta kwenye ua wake. Mpelekeni kambini na mbwa wake, tupumzike."

Makarius hakucheka. Mwaka ule Warundi wa vijijini walikuwa wakipelekwa kambi za wakimbizi, hata waliozeekea hapa. Kwa Ndayisaba, aliyekimbilia nchini mwaka 1972, shutuma moja ya wizi ingetosha kumng'oa. Koplo akachukua baiskeli yake.

Alianzia sokoni. Nestori, mchinjaji aliyewahi kunaswa na mbuzi wa wizi, aliapa kwamba safari hii hamo. Kila ngozi iliyokuwa kwake ilijulikana mbuzi alikuwa wa nani.

Saa tano alikuwa kwa Ndayisaba.

"Kamba ilifikaje hapa, mzee?"

"Sijui, afande. Niliiona imening'inia nje, peupe. Ningeiba, ningeianika?"

"Na mbwa?"

"Bobi nimemfunga, anakata kamba. Nimempiga mpaka nikamwonea huruma. Shamba lote hili hachimbi, ila pale kwa Ildefonsi tu."

Makarius alivuka hadi kwa Ildefonsi. Nyuma ya nyumba palikuwa na shimo la kuvundikia ndizi za pombe, limefunikwa majani ya mgomba na udongo. Juu yake Ildefonsi alikuwa amepanga miiba na mawe, akamwaga majivu yenye pilipili. Bobi alikuwa hapo hapo, pua nyeupe kwa majivu, anapiga chafya na kuchimba.

"Unaona, afande? Mimi nimeshindwa!"

"Mbwa hali ndizi," Makarius alisema.

"Labda kuna panya."

Kando ya mtumbwi wa mti wa kukamulia ndizi palikuwa na lundo la nyasi kavu. Makarius alimuuliza Maximilla, mke wa Ildefonsi, ni za nini.

"Za kukamulia hizo ndizi. Nilizikata mbichi, afande, zimenikaukia. Mtumbwi nimeuosha mara mbili. Kila nikimwambia baba watoto tufukue, anasema bado."

"Mlivundika lini?"

"Siku ileile beberu alipopotea. Sasa si zimeshaoza?"

Makarius mwenyewe ni Muha, amekulia kando ya mashimo kama hayo. Alijua hakuna anayegusa shimo la mwenzake kabla ya siku yake, maana likiingiwa na hewa pombe imeharibika. Kwa kuficha kitu, huwezi kupata kabati bora zaidi. Lakini siku ya tano au ya sita ikifika, mwenye shimo hufukua, hata kama ana homa.

Akawaita majirani.

"Fukua, Ildefonsi."

"Pombe itaharibika, afande!"

"Imeshaharibika."

Ildefonsi hakushika jembe; jirani mmoja akalichukua, akafukua. Chini ya ndizi nyeusi ulitoka mzoga wa beberu. Harufu iliwarudisha watu nyuma, isipokuwa Bobi.

"Umemuua beberu wako mwenyewe," Makarius alisema. "Kamba ukampelekea Ndayisaba. Kwa nini?"

Ildefonsi alikaa chini. "Shamba lile marehemu baba alimpa bure. Leo nina watoto sita, nawagawia nini?"

"Ungemwomba."

"Angenigawia. Huyo mzee angenigawia siku hiyohiyo! Nami ningebaki mtu aliyeomba ardhi ya baba yake kwa mgeni. Hilo sikuliweza."

Maximilla alijifunika uso kwa khanga.

Ildefonsi alipokwisha kupelekwa kituoni kujibu shtaka la kumsingizia mtu, Makarius alirudi kwa Ndayisaba. Mkewe, Claudine, alikuwa amekalia mizigo mlangoni, magodoro na vyombo vimefungwa imara.

"Kesi imekwisha, mzee. Fungueni mizigo."

"Asante, afande," Ndayisaba alisema. "Mimi nilijua sikuiba. Sikujua kama hilo linatosha."

Makarius alitaka kumwambia kwamba linatosha. Aliona aibu, kwa sababu hakuwa na hakika.

Claudine alifungua mzigo mmoja, akatoa sufuria ya kupikia ugali wa jioni. Kisha akaufunga tena.