Iko Nakula pa Chini

Esanse, yaani petroli, ilikuwa inanitiririka usoni, inachoma macho, inaingia puani... na kiberiti kilikuwa mkononi mwa mtoto niliyemlea mwenyewe.

Mikono yangu ilifungwa nyuma kwa waya. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vinaning'inia tu.

"Baba Mukubwa, sema," Kassim aliniambia. Sauti yake ilitetemeka kuliko yangu. "Sema unamwachilia, na mi nakuachilia."

"Namwachilia nani?"

"Bibi yangu. Unamukula kwa uchawi."

Ndugu wasomaji, naitwa Sadiki. Nilikuwa mtu wa reli mchana na mwanafunzi wa shule ya jioni baada ya kazi, na hadi leo silali bila kusoma kitu. Kassim ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Tunakaa ua mmoja hapa Manika, mjini Kolwezi. Haya nawaandikia kwa mkono wa kushoto, mtaelewa kwa nini.

Yote yalianza na alama mbili ndogo.

Alama ya kwanza: Bilkisi, mke wa Kassim, huyo bibi anayemtaja, alikuwa anashuka kwenye pikipiki ya taxi-moto, bomba la moshi likamgusa mguuni. Kaunguzo kadogo tu. Lakini kalikataa kupona. Kakafunguka, kakatoa maji, kakaanza kunuka.

Alama ya pili: gari letu linalobeba abiria na makaa kutoka Mutshatsha lilirushiwa kokoto chini, rangi ikabanduka kwenye springi ya mbele. Niliinama, nikaona kutu imeshaanza.

"Kassim, hii isafishwe, ipakwe rangi," nilimwambia.

Aliyecheka ni Aruna, kaka yake Bilkisi. Huyo hajawahi kunipenda.

"Muzee, motokari si bibi arusi. Unataka kuipaka poda mpaka pa magoti?"

"Kutu ya mlango ni sura tu. Kutu ya springi ni kifo."

"Hata weye uko na kutu, Muzee, na bado unatembea."

Walicheka wote. Hata mimi nilicheka kidogo.

Lakini sikulala vizuri. Kesho yake asubuhi nikalichukua gari, nikalipeleka kwa Dimitri, fundi. Akalala chini, akakwangua kwa bisibisi. Chuma kikatoka maganda maganda.

"Tata Sadiki, hii barabara yetu maroli ya asidi inapita, inadondosha," alisema akiwa bado chini. "Asidi ikipata pahali rangi imetoka, haiombi ruhusa. Huu muguu umekwisha. Tafuteni springi ingine."

Mafundi hapa huita hivyo, springi na vyote vinavyoshika gurudumu... *muguu*. Shikeni neno hilo.

"Mwambie Kassim wewe," nilimjibu. "Mimi akinisikia ananiona mzee wa maneno mengi."

"Nitamutumia sauti."

Simu yake ilikuwa imezama kwenye oili. Akaazima ya mteja.

Nikarudi nyumbani polepole, nikikwepa kila shimo. Nilifungua mlango wa gari, nikatoa mguu mmoja nje...

Chuma cha kriki, ile jeki ya kuinulia gari, kilinipiga kichwani.

Nikainua mkono nijikinge. Kikaja tena, mkono ukalia kama mti mkavu. Nilimwona Aruna juu yangu, meno nje, jasho linamtoka.

"Mulozi wee. Ulifikiri hatutajua?"

Pigo la tatu sikulisikia.

Nilipozinduka nilikuwa nimekaa kwenye matope ya esanse. Majirani wamejaa ukutani, wengine simu juu wananipiga picha. Kijana mmoja anavingirisha tairi. Mama mmoja niliyekaa naye matangani mara ngapi, akasema taratibu kama anaomba chumvi:

"Muchome tu, Kassim. Asipoungua ataendelea."

Nikatazama uani. Gari halikuwepo.

"Gari liko wapi?"

"Aruna amemupeleka Bilkisi Tenke," alisema Kassim. "Kwa mwenye dawa. Yeye ndiye alikutaja."

Hapo ndipo nikajua. Bila kuniambia, Aruna alikuwa ameshakwenda Tenke kwa mtu mmoja anayefukuza uchawi. Mtu yule aliahidi kuwatumia jibu kwa simu. Na asubuhi ile jibu likaja, kutoka namba wasiyoijua.

"Niwekee nisikie," nilisema.

"Ya nini?"

"Mtu hafi kwa maneno ambayo hajayasikia, Kassim."

Alifungua kasha la kiberiti. Akakwaruza kijiti cha kwanza, kikavunjika. Akashika cha pili. Halafu akatoa simu.

*"Tata Kassim, ile muguu nimeiangalia. Pa juu ni alama tu, kidogo. Lakini pa chini... iko nakula. Iko nakula pole-pole, tangu zamani. Muzee Sadiki iko najua, muulize yeye. Musiende mbali nayo. Ikivunjika, ni kifo."*

Majirani wakaguna. Mtu akanirushia jiwe, likanipata sikioni.

Wasomaji, Kiswahili cha kitabu kinatenganisha. *Anakula* ni mtu au mnyama. *Inakula* ni kitu. Sisi Kolwezi hatuna shida hiyo: mtu iko nakula, mbuzi iko nakula, kutu iko nakula. Nilikuwa nakaribia kufa ndani ya neno moja.

"Kassim," nilisema. Damu ilikuwa imejaa mdomoni. "'Musiende mbali nayo.' Umesikia? Bilkisi anaweza kwenda mbali *bila* mguu wake?"

Akairudia ile sauti.

"Na nyuma ya sauti, nani anagonga nyundo? Hiyo ni sauti ya Dimitri. Huo ni mguu wa gari. Piga namba hiyo. Ikiwa nasema uongo, kiberiti unacho."

Kijiti kilikuwa tayari kimegusa ubavu wa kasha. Sijui kilichomrudisha. Labda ni sauti yangu, ile ile niliyomfundishia kusoma.

Alipiga. Akaweka wazi ili wote wasikie.

"Tata Kassim, umesikia habari yangu?" Alikuwa Dimitri, mchangamfu kabisa.

"Nani iko nakula, Dimitri?"

"Nani? Kutu. Kutu iko nakula springi yako. Motokari iko wapi?"

Yule kijana akaliacha tairi likaanguka. Yule mama wa matangani akaanza kufunga vizuri kitenge chake, akaondoka bila kuaga.

"Mpigie Aruna," nilisema. "Mwambie asimame. Sasa."

Simu ililia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Ikapokewa, lakini haikuwa sauti ya Aruna. Alikuwa dereva wa roli.

"Mwenye hii simu ni ndugu yako? Pole, tata. Njooni."

Springi ilikatika kwenye mteremko. Kipande chake kikapasua tairi, gari likatupwa mtaroni, likabiringika. Usukani ulimwingia Aruna kifuani, akafa hapo hapo. Chuma cha kriki alichonipigia kilikutwa miguuni pake, bado kina nywele zangu.

Bilkisi alirushwa nje kupitia kioo. Mkono ulivunjika, uso ulichanika, lakini alikuwa hai. Mimi nilifunguliwa waya, na hospitali walitulaza siku ile ile, wodi mbili.

Daktari hakuushangaa mkono wake. Aliutazama mguu, akampima damu, akamwita Kassim kando ya kitanda changu.

"Bibi yako iko na ugonjwa wa sukari," alisema. "Hiki kidonda pa juu ni kidogo tu. Lakini sukari iko nakula pa chini, pole-pole, tangu zamani."

Kassim akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka kitandani kwangu.

Bilkisi anatumia dawa sasa. Kidonda cha mguu kinafunga.

Ninyi wenye magari, alama ya mlangoni mnaweza kuicheka. Iliyo chini, mahali panapobeba uzito, isafisheni na muipake rangi siku hiyo hiyo. Na ukisikia habari ya kumchoma mtu, uliza kwanza nani anakula. Lakini msiseme ni lugha iliyonifunga waya. Wale watu walikuwa tayari na esanse. Walikuwa wanangoja jina tu.

Jana Kassim alikuja na kopo la rangi nyeusi, gari limeshanyooshwa na amenunua springi mpya, anataka nimwonyeshe pa kupaka. Nilimwonyesha kwa mkono wa kushoto. Alipomaliza akabaki amepiga magoti, brashi mkononi.

"Baba Mukubwa, umenisamehe?"

Nikaichukua brashi, nikaichovya tena.

"Pa juu, ndiyo."