Macho Mekundu ya Mama

Kila asubuhi Chiriku alifagia sebule, akachemsha chai na kuvaa sare huku mdomo wake haupumziki. Ndiyo maana nyumbani walimpa jina hilo. Lakini wiki ile alikuwa kimya, akimtazama mama yake kwa jicho la pembeni.

Kope za mama zilikuwa nyekundu na zimevimba. Kwenye mizizi ya nywele za kope palikuwa na magamba madogo meupe, kama mba.

"Mama, ulikuwa unalia?"

"Nilie nini mimi? Vumbi tu hilo. Kunywa chai uende shule."

Vumbi gani linalomwingia mtu akiwa amelala? Chiriku hakuridhika hata kidogo. Akaanza kumchunguza baba yake, fundi wa makochi, mtu wa maneno machache. Siku hizi baba akirudi kutoka kazini tu, alimtuma Chiriku dukani. Mara chumvi, mara kiberiti, na vyote vilikuwepo jikoni! Chiriku akirudi, alikuta mlango wa sebule umefungwa. Mama akitoka humo, macho yalikuwa mekundu zaidi.

Shaka ikamkaa rohoni: baba anamliza mama. Hofu ikamshika kwamba nyumba yao inavunjika, na kila neno la baba likawa na harufu ya ugomvi. Hata baba alipoomba sukari, Chiriku aliona ameiomba kwa ukali.

Jumamosi alipotumwa tena, hakwenda. Alitega sikio mlangoni.

"Inachoma! Basi, inatosha," mama alisema.

"Bado. Vumilia," baba alijibu.

"Na mtoto akijua?"

"Hatajua. Nimemtuma dukani."

Chiriku alitoka mbio hadi kwa mjomba wake, fundi baiskeli wa mtaa wa pili. "Mjomba, njoo! Baba anamtesa mama!"

Mjomba alitupa spana chini. Alifika mikono imejaa grisi, kifua mbele, wala hakubisha hodi.

"Shemeji! Umemfanya nini dada yangu?"

Mama alikuwa amelala kwenye kochi, kitambaa chenye mvuke kimefunika macho yake. Baba alikuwa amepiga magoti kando yake na beseni la maji ya moto.

"Namkanda kope," baba alisema. "Karibu, shemeji. Viatu ungeviacha nje."

Mjomba alitazama viatu vyake, kisha akamtazama Chiriku. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mama aliketi, akaondoa kitambaa. "Nina uvimbe wa kope," alieleza. "Daktari wa macho ameniambia vitundu vya mafuta kwenye kingo za kope vimeziba. Hauambukizi. Lakini mimi ni msusi. Wateja wakijua ni ugonjwa watanikimbia, kwa hiyo nikaficha, hata kwa Chiriku asiyejua kunyamaza."

"Na dawa yake?" mjomba aliuliza kwa sauti ndogo.

"Usafi na subira. Asubuhi na jioni nakanda kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu."

"Uvuguvugu ndio huu unaochoma?" Chiriku aliuliza. Mdomo wake ulikuwa umerudi.

Mama alicheka. "Baba yako ana mikono migumu ya fundi, hajui moto. Nitamwambia apoze maji. Kisha nasugua kope taratibu kwa kidole na kufuta magamba. Wanja nimeacha, na sifikichi macho. Huenda uvimbe ukarudi tena, kwa hiyo usafi huu hauna likizo."

"Mimi ndiye nitakayepima maji," Chiriku alisema. Kisha akamgeukia baba yake, machozi yakimlengalenga. "Baba, nisamehe. Nilidhani unampiga."

Ilimuuma baba, na hakuficha.

"Dada, umemfundisha mtoto kushuku," mjomba alisema. "Kesho waambie wateja wako ukweli."

"Nitawaambia," mama alikubali. "Na wewe, Chiriku, usimtie mtu hatiani kwa jambo ulilolisikia nyuma ya mlango. Ungeniuliza tena na tena mpaka nichoke kuficha."

Baba alimvuta mwanawe karibu. "Mama yako amesema kweli. Lakini nisikilize vizuri. Siku ukiona mtu anamtesa mama yako, hata kama ni mimi, kimbia vilevile ukamwite mjomba."