Suruali ya Mume wa Fatu

"Aliyeikata hii," alisema mgeni, "leo nitambusu mkono."

Alikuwa ameitandaza suruali juu ya meza ya fundi Biubwa na kuipiga kofi dogo la heshima, kama mzazi anayetambulisha mtoto aliyefaulu. Ilikuwa Jumanne saa nane mchana, mtaa mzima wa Dunda umelewa usingizi wa baada ya chakula, na fundi mwenyewe alikuwa na uzi mdomoni. Uzi ukaanguka.

Biubwa hakuhitaji kuigeuza. Aliigeuza hata hivyo, ndani nje, kama afanyavyo kwa kila suruali anayoletewa kuwa mfano, kwa sababu mikono ina mazoea yake hata moyo unapokuwa na shughuli nyingine. Mshono wa nyuma ulipanda vidole viwili zaidi ya kawaida. Pembe za mifuko zilipigwa mara tatu. Ndani ya kiuno ulipita utepe wa khanga nyekundu, na khanga hiyo ilikuwa yake, aliichana mwenyewe kwa furaha mwezi wa Shaabani.

"Umeipata wapi, dada?"

"Ya mume wangu."

Hapa naomba tusimame kidogo tukiwa wima, mikono nyuma. Kuna kitu kimefariki, na wafiwa bado hawajapewa taarifa.

Kwa wasiomjua, Biubwa binti Mwinjuma hushona suruali, na suruali tu. Mafundi wengine mteja akiingia humuuliza kwanza, ya kike au ya kiume? Biubwa hulichukia swali hilo kuliko mchwa. "Suruali ina kiuno, ina nyonga, ina paja, na ina kazi utakayoifanya ukiwa umeivaa," huwaambia watu, kwa sauti ya mheshimiwa anayewasilisha bajeti. "Niambie hayo manne. Mengine kamwambie kadhi." Wamepona kwake wanaume wenye nyonga pana waliochekwa madukani, na wasichana warefu ambao suruali za kike ziliwaishia kwenye ugoko.

Ana mpaka mmoja tu. Mwanamke humpima mwenyewe kwa futi. Mwanamume hampimi, kwani si adabu binti wa Mzee Mwinjuma kumzungushia mtu futi kiunoni. Mwanamume huleta suruali yake ya zamani inayomkaa vizuri, na Biubwa huipima suruali badala ya mtu. Wateja wamezoea: ukienda kwa Biubwa, unakwenda na mfano.

Sufiani alipokuja mara ya kwanza hakuwa na mfano. Ni dereva wa lori la chumvi, na suruali zake zote zilimshuka nyuma akikaa kwenye usukani. Biubwa alimwambia akae kwenye kiti, asimame, akae tena. Akamtazama. Halafu akakata kitambaa cha kaki kwa macho matupu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote na hakulisimulia nyumbani. Ikamkaa. Baada ya miezi minne posa ikafika kwa Mzee Mwinjuma, ikisema kijana ni wa Pangani, ana chumba Chalinze, hajapata kuoa. Ndoa ilikuwa imebakiza siku kumi na tisa.

Na sasa ile kaki ilikuwa mezani, imeletwa na mke.

Mke aliitwa Fatu, na kazi yake ni kuziba pancha Msata, pale malori yanapopinda kuja Bagamoyo. Alikuwa msemaji. Alisimulia jinsi khanga yake ilivyowahi kunaswa na mkanda wa mashine ya upepo, akabaki na gauni la ndani mbele ya utingo sita. Akanunua suruali za kike, zikambana nyonga, na mifuko yake ya kuchorwa, spana haiingii. Akanunua za kiume, kiunoni pakabaki uwazi wa kuingiza mkate. Ndipo siku moja, nguo zake zimelowa, akavuta suruali ya mume wake kwenye kamba.

"Ikanikaa kana kwamba nimezaliwa nayo," alisema Fatu. "Nainama haishuki, napiga magoti hainibani. Sasa kila akirudi nyumbani tunagombania suruali. Nikasema hapana, nishone yangu. Nimeipeleka kwa fundi wa Chalinze, akaigeuza akasema, mshono huu upo kwa binti mmoja tu, yuko Dunda."

"Mume wako alikwambia ameishona wapi?"

"Aliniambia mtumba. Eti ameiokota kwenye rundo." Fatu alicheka. "Yule bwana anadanganya hata kwenye mambo yasiyo na faida."

Biubwa alipata majeraha mawili kwa pigo moja, na haijulikani lipi lilitangulia kuuma: kwamba mchumba wake ana mke, au kwamba kazi yake imeitwa mtumba.

"Jina lake nani? Huenda namkumbuka."

"Sufiani. Wa lori la chumvi."

"Wateja ni wengi," alisema Biubwa, akachukua futi.

Alimpima. Kiuno themanini na mbili. Nyonga mia na nne. Alimzungushia futi mke wa mchumba wake, taratibu, kama mtu anayevuka barabara gizani. Fatu alinukia mpira na sabuni ya kufulia. Miaka tisa ya ndoa, alisema, watoto wawili, mkubwa ameshamaliza Juzuu Amma madrasani. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba, gumu, kwa miaka ya kupiga magoti kwenye lami.

"Hapa nitakuongezea nafasi," alisema Biubwa.

"Hakuna fundi aliyewahi kuliona hilo," alisema Fatu, na kwa mara ya kwanza alinyamaza. Kisha akauliza, "Na wewe una mchumba?"

"Nilikuwa naye." Lilitoka kabla hajaamua.

"Alikufanya nini?"

"Hakunikaa."

Fatu alicheka mpaka akashika meza. Akaandika namba yake ya simu, akachukua na ya fundi, akaahidi kurudi Alhamisi, akaenda kumwona shangazi yake mitaa ya sokoni.

Biubwa alikaa mbele ya cherehani bila kushona. Baadaye akaandika ujumbe.

"Mpenzi, ile suruali ya kaki iko wapi?"

Jibu lilikuja upesi. "Nimeivaa hapa. Nikiivaa nakuwa kama umenishika."

Aliitazama mezani, imelala chali, haina mtu ndani.

"Niletee kesho nikupandishie pindo."

Dakika saba zilipita.

"Kesho nina safari ya Segera mpenzi. Labda wiki ijayo."

"Fatu ameileta yeye. Wewe njoo tu."

Safari ya Segera ilifutwa. Jumatano saa nne asubuhi Sufiani alisimama mlangoni, amevaa suruali nyingine inayomshuka nyuma, ameduwaa kama mwanafunzi aliyekutwa na simu bwenini. Alisalimia. Biubwa aliitikia salamu, kwa sababu salamu huitikiwa.

"Umemwambia?" aliuliza Sufiani.

"Hapana. Alikuja kushona suruali."

Mabega yake yakashuka. Alipumua. Na pumzi ile ndiyo iliyomuumiza Biubwa kuliko yote yaliyotangulia, maana alikuwa amejiandaa kumwona analia, hakujiandaa kumwona anapata nafuu.

"Nilikuwa nikwambie," alisema Sufiani. "Baada ya ndoa, taratibu. Biu, dini imeniruhusu wanne."

"Ungekuja na hilo mdomoni, baba angekupa jibu lake na mimi ningekupa langu. Pengine ningekubali, sijui. Ulikuja na barua ya mtu ambaye hajaoa."

"Niliogopa kukukosa."

"Na yeye hukuogopa kumkosa?"

Alianza kueleza. Alioa mapema, kwa kuchaguliwa. Yule ni mke mwema, lakini wao wawili ni kama abiria wa kiti kimoja. Kwake Biubwa ndiko alikojua moyo wake uko upande gani. Aliongea vizuri, na ubaya ni kwamba mengine yalikuwa kweli. Kisha akasogea, akashusha sauti.

"Nitamwacha. Leo hii nikisema, leo hii imekwisha. Ndoa yetu inabaki siku ile ile, baba hajui, watu hawajui. Wewe mrudishie suruali yake, mwambie kaki imekwisha."

Tuseme ukweli, hata kama unamwaibisha: Biubwa alitaka. Kwa muda wa kupitisha uzi kwenye tundu la sindano aliuona ukumbi, akaona hina kwenye vidole vyake, akamwona yeye. Alimpenda. Hakuna aliyemwambia kwamba kugundua uongo wa mtu hakumtoi mtu huyo moyoni siku hiyo hiyo.

"Goti lake limepona?" aliuliza.

"Goti la nani?"

"La mke wako."

Sufiani alimtazama kama aliyeulizwa swali la mtihani wa somo ambalo hakulisoma. "Goti lina nini?"

"Nimemshika mara moja, kwa robo saa, na ninalijua," alisema Biubwa. "Wewe una miaka tisa. Nenda, Sufiani."

"Biu."

"Mimi nakaa hapa siku nzima nimeinama, mgongo unaniuma upande wa kushoto. Hukuwahi kuniuliza. Nilidhani ni kwa sababu hatujaoana. Nenda."

Alikwenda. Biubwa alifunga duka kabla ya adhuhuri, akaenda kumweleza baba yake yote, hata ile habari ya kukata kwa macho. Mzee Mwinjuma alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Aliomba barua ya posa, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa kanzu, akasema ataipeleka mwenyewe kwa mshenga. Kisha akamuuliza bintiye kama ameshakula. Hakuwa amekula. Mama alikaanga samaki, akamwekea mbele, na Biubwa akamtazama yule samaki mpaka akapoa.

Usiku huo hakulala. Alfajiri akarudi dukani, akakata kaki ya Fatu kwa futi, akaishona moja kwa moja bila kuinua kichwa.

Fatu alirudi Alhamisi kama alivyoahidi. Aliingia nyuma ya pazia, akatoka ameivaa, akachuchumaa, akapiga magoti, akajinyoosha kama anavuta tairi la lori. Mifuko ilimeza mkono mpaka kifundo. Halafu hakusifu, jambo lililomshangaza Biubwa. Aliichukua ile ya mume wake mezani, akailinganisha na yake, akaigeuza ndani nje kama alivyoona fundi akifanya.

"Yangu ni nzuri," alisema polepole. "Sina ninachokosa. Lakini fundi, mimi nikiziba pancha ya mtu ninayempenda, kiraka kinakuwa kingine. Nakisugua zaidi. Hata mwenyewe haoni, mimi najua." Alipitisha kidole kwenye utepe wa khanga. "Hii hukuishona kama unavyoshona ya mteja."

Biubwa angeweza kusema chochote. Angesema utepe ulibaki tu kwenye kikapu. Angesema ni majaribio.

"Tulikuwa tuoane, baada ya Ijumaa tatu," alisema. "Alituambia hajaoa. Nimejua Jumanne, uliposema ni ya mume wako."

Fatu alikaa kwenye kiti, kile kile alichokalia Sufiani siku ya kwanza. Pikipiki ilipita nje na muziki wake, ikapotea.

"Ulinipima ukijua?"

"Ndiyo."

"Nikawa nakusimulia habari za watoto."

"Ndiyo."

"Na goti ukaniongezea nafasi."

"Ndiyo, dada."

Fatu alifunika uso kwa viganja vyeusi vya grisi isiyotoka. Biubwa hakumgusa, hakujua kama ana haki. Fatu aliposhusha mikono macho yalikuwa makavu, mekundu.

"Nilitaka uwe mbaya," alisema Fatu. "Ningekutukana nikaondoka nimeshiba. Sasa nimtukane nani hapa?"

"Nitukane tu. Nitavumilia."

"Unamtaka bado?"

Biubwa alifikiri, kwa kuwa alikuwa akiulizwa na mtu mwenye haki ya kupewa jibu la kweli.

"Namtaka. Lakini simchukui. Barua imesharudi."

"Mimi pia namtaka," alisema Fatu. "Tazama tulivyo wajinga."

"Utafanya nini?"

"Sijui. Nina watoto wawili na jeki mbili, na basi linaloondoka saa tisa."

Alivaa baibui juu ya suruali mpya, hakuivua. Ya mume wake akaikunja vizuri, mshono juu ya mshono, akaitia kwenye mfuko. Mlangoni aligeuka, akamshika Biubwa mkono wake wa kulia, ule wa mkasi. Hakuubusu. Aliuminya tu, kwa nguvu za mtu anayefungua nati za lori, kisha akaenda zake stendi.

Biubwa alishona mpaka magharibi. Alishona suruali ya mwalimu mmoja na ya mkulima mmoja, na hakukosea hata mshono mmoja. Tangu Jumanne hakuwa amelia, na watu wa nyumbani walishaanza kunong'ona kwamba binti amepokea vizuri. Simu ya Sufiani iliita mara tano, akaiacha iite.

Ndipo ukaingia ujumbe kutoka namba nyingine.

"Nimefika. Nimemkuta amekaa mkekani anangoja chakula. Nimemwambia leo kila mtu ajipikie. Mdogo wangu, najua hujala tangu juzi. Kula."

Biubwa aliusoma akiwa amesimama. Akausoma tena. Kisha akaketi chini, kwenye vipande vya kaki alivyovikata asubuhi, akalia kwa sauti, na majirani wakatoka mmoja mmoja kuja kuuliza ni nani aliyefariki.