Aliyeitika Mabwawani

Placida, jirani yetu huku ughaibuni, Walthamstow, hakuwa mtu wa ndege. Kwao Bukoba ndege walifukuzwa shambani, nani angewapiga picha? Aliyewapenda ni bintiye, Valeria, ambaye tulimzika mwaka jana, majira ya baridi kama haya, akiwa na miaka tisa. Mama akairithi kamera ya mtoto. Dunia hii inajua kupindua mambo.

Basi asubuhi moja ya Januari, kabla ya shifti, akaenda kwenye mabwawa yenye ndege na rafiki yake Lydia, nesi Mkenya aliyebeba chupa ya chai na malalamiko yake yote ya baridi. Placida akamwaga punje za alizeti juu ya kigogo, akapiga goti kwenye theluji, akangoja mpaka vidole vikafa ganzi. Robini, yule ndege mdogo wa kifua chekundu asiyeacha kuimba hata majira ya baridi, akatua. Akaimba. Placida akabonyeza kamera mara moja. Mara ya pili.

Robini akakatiza wimbo, akaruka.

"Mama."

Sauti ilitoka nyuma yao. Karibu sana. Lydia aliinama, akamshika bega.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usiitike, Placida. Please. Hata kwetu mtu haitiki kama hamwoni anayemwita."

Placida alilijua hilo tangu utotoni: anayemwitikia marehemu humfuata. Ndiyo maana moyo wake uliruka kwa furaha. Mwaka mzima hakuwa ameomba kingine.

"Mama?"

"Abee, mwanangu," akanong'ona. "Nipo. Nichukue."

Akafumba macho. Akangoja. Theluji ikadondoka tawini. Hakuna aliyemgusa. Alipofumbua, robini alikuwa amerudi anakula alizeti zake bila habari na mtu. Hapo Placida akalia kilio ambacho hakukilia hata makaburini, kwa sababu ameitika na bado ameachwa.

Kwenye basi, Lydia alichukua kamera amwonyeshe picha, angalau atulie. Ya kwanza, robini. Ya pili, robini.

Ya tatu ilikuwa ya migongo miwili. Mwanamke mmoja amepiga goti kwenye theluji, kamera mkononi. Mwingine ameinama, amemshika bega. Imepigwa kutoka nyuma, kwa chini, kimo cha mtoto. Kwenye pembe ya picha, kidole kidogo kimeziba ukingo wa lenzi.