Mlango wa Bluu Hafifu

Kaka yangu amepoteza jicho la kushoto. Hakupigwa, wala hakuchomwa na kitu. Alipuuza presha, basi.

Tulikuwa na gereji ya kupaka magari rangi. Yeye ndiye aliyechanganya. Ukimletea mlango uliokwaruzwa, aliutazama, akatia tone la bluu hapa, jeusi pale, na rangi ikalingana mpaka mwenye gari haoni palipozibwa. Hakupima kwa chochote ila jicho.

Vidonge vya presha alipewa zamani. Alimeza wiki mbili, akaacha. Alisema kichwa hakimuumi, ameze vya nini? Shemeji alimsihi mpaka akachoka.

Kisha ukungu ukaingia machoni, polepole, na wala haukumtisha. Jioni alikaa mlangoni akitazama taa za magari, akasema kila moja imeota maua. Nyeupe ilimgeukia maziwa, baadaye samli. Alitembea kama mtu aliye ndotoni, ana tabasamu. Nami, mjinga mwenzake, nikadhani uzee unampendeza.

Siku moja tukapaka gari jeupe la mwalimu. Kaka aliiona rangi bado ya manjano kama samli, akazidi kutia bluu, na mlango ukatoka wa bluu hafifu. Mwalimu akauliza kama tumeuazima kwa jirani. Watu wakacheka. Kaka hakucheka.

"Umeninunulia rangi iliyochakachuliwa," akaniambia mbele yao. "Chenji umeitia mfukoni."

"Kaka, njoo uutazame juani."

"Mwizi hanifundishi nyeupe."

Nikachukua vitu vyangu. Miaka miwili hatukusemezana.

Mwishoni mwa miaka hiyo, kama shemeji alivyonisimulia baadaye, daktari wa macho ndiye aliyemwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Akampima presha, akakataa kumpasua mpaka ishuke. Alimweleza kwamba wenye maradhi ya moyo na mishipa huonekana kupata mtoto wa jicho zaidi ya wengine, na kwamba jicho nalo lina mishipa yake, myembamba kuliko uzi. Kaka akameza vidonge siku sita, akaviacha tena.

Mwezi uliofuata, asubuhi, akinyoa ndevu, mshipa ndani ya jicho la kushoto ukaziba. Hakusikia maumivu. Shemeji akanipigia simu. Nilimkuta ameketi kitandani, povu la sabuni limemkaukia shavuni.

"Mdogo wangu," akasema, "ule mlango ulikuwa wa bluu?"

"Ulikuwa wa bluu, kaka."

Funzo

Wenzangu, pimeni presha hata kama hamuumwi. Ukipewa dawa, meza mpaka daktari mwenyewe aseme uache. Macho yakiingia ukungu, usisingizie uzee. Nenda ukatazamwe, na moyo wako nao upimwe.

Sisi tulilipa hivi. Jicho la kulia lilipasuliwa baada ya presha kushuka, linaona. La kushoto halitaona tena. Gereji ilifungwa. Miaka miwili ilipita bila salamu, na ndani ya miaka hiyo mwanangu wa mwisho alizaliwa, akatambaa, akatembea, na baba yake mkubwa hakumwona hata mara moja.