Aliyesimama Ukingoni mwa Filamu

Chumba kilichokauka kilianza kunuka maji.

Mpigapicha alisita mlangoni, ufunguo ungali mkononi, akavuta pumzi mara ya pili kuona kama pua yake inamdanganya. Hiki kilikuwa chumba cha giza cha marehemu baba yake, mahali ambapo mzee alisafishia filamu tangu ujana wake hadi mikono ilipomkataa. Tangu azikwe, halikuingia humo tone la dawa. Bomba lilikwisha kuzibwa, na trei zililala kifudifudi juu ya rafu, zimeshika vumbi. Hata hivyo pakanuka dawa mbichi ya picha, ukali wa siki na ubaridi wa chuma, harufu ileile ya mikono ya baba. Akajituliza kwamba ni filamu zenyewe. Filamu kuukuu zikianza kuoza hunuka siki, na hizi zilikuwa zinaoza. Ndiyo maana alikuwa na haraka.

Haraka yake ilikuwa na sura za watu. Katika filamu ya mwisho aliyoipiga mzee palikuwa na picha ambayo hakuwahi kuichapa: mama upande wa kushoto, mpigapicha na mkewe katikati, na upande wa kulia binti yao, ambaye kwa kusema kwake bila kituo nyumba nzima ilimwita Chiriku. Macho ya mama yalikuwa yakififia. Ombi lake lilikuwa moja tu: aione picha ile, ikuzwe iwe kubwa, kabla nuru haijamtoka. Basi mwanawe akaazimia kuzipiga filamu zote kwa kamera yake mwenyewe, moja moja, zikimulikwa kwa taa kutoka chini, azihifadhi katika kompyuta.

Kikwazo kilikuwa lenzi. Kamera yake ilikuwa na kihisi kidogo, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga kilikuwa kidogo kuliko picha ya filamu yenyewe. Muuzaji wa lenzi zilizotumika, bwana mmoja asiyeishiwa utani, alimwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ndefu na kali mno, lakini kwa kihisi kile iliona katikati tu, labda kamera ipandishwe hadi darini. Kwa stendi yake fupi ingekula ukingo wa kila picha. Ya pili ilikuwa fupi, na iliimeza picha yote mpaka kwenye vitundu vya pembeni mwa filamu.

"Chukua ndefu," muuzaji alimshauri. "Utapoteza ukingo mwembamba kama ukucha. Kaka, umewahi kuona mtu analilia ukingo?"

Mpigapicha alicheka. Alikumbuka jinsi baba yake, kila alipochapa picha, alivyovisogeza ndani vile vipande vya chuma vinavyokinga pembe za karatasi, hata mtu wa pembeni akapoteza kiwiko, na aliyemuuliza sababu aliambulia maneno matatu: "Ukingo si wetu." Enzi hizo mwanawe alidhani ni mapendeleo ya mzee. Sasa akaona kuwa mwana anayeiheshimu kazi ya babaye huihifadhi nzima, bila kuipunguza hata unywele. Akachukua ile fupi.

Siku za kwanza kazi ilimnyookea. Aliziba dirisha kwa kitambaa cheusi hata mchana, akawa anasogeza filamu, anabonyeza, anasogeza. Kisha akaliona doa. Lilikuwa upande wa kulia wa kila picha, ukingoni kabisa, la kijivu, jembamba, kama mwanga uliovuja. Alifuta lenzi, akafuta taa, akabadilisha kishikio cha filamu. Doa likabaki. Lilikuwepo katika harusi na katika picha za vitambulisho, katika filamu za kamera ambazo hazikuwahi kukutana. Filamu moja aliiweka kinyume kwa bahati mbaya, maandishi ya kibao cha duka yakasomeka nyuma-mbele. Watu wote walihama, wa kushoto wakawa wa kulia, ila doa halikuhama. Lilikuwa kulia vilevile.

Akaikuza moja. Doa lilikuwa na bega.

Mkewe alikuwa amemletea chai. Aliinama juu ya kioo cha kompyuta, akakitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa, "Baba Chiriku, huyu nani?"

"Ni mwanga tu."

"Mwanga hauna vidole."

Katika beseni kavu nyuma yao, tone la maji lilianguka. Hakuna aliyegeuka.

Siku hiyohiyo, kwa kuwa hofu ilimfanya apapie, mpigapicha aliipiga picha ya familia. Ikajitokeza safi ajabu, tabasamu la mama likiwa limehifadhiwa kama la jana. Na kulia, kando ya Chiriku, amesimama mtu wa kijivu asiye na uso, mrefu, bega lake likigusana na vile vitundu vya filamu kama aliyeegemea mlango. Mpigapicha alifanya ambalo kila mtu wa kazi yake angelifanya. Aliukata ukingo. Alisogeza mstari wa kompyuta mpaka kiumbe kile kikatoweka chote, akaihifadhi picha, akapumua.

Jioni Chiriku hakusema kitu. Alikaa sebuleni ameushika mkono wake wa kushoto, na mama yake alipougusa aliukuta wa baridi kama uliotolewa kisimani. Mpigapicha alirudi mbio kwenye kompyuta. Yule mtu alikuwepo, kwenye ukingo mpya, amesogea pamoja na mstari. Na vidole vyake vilikuwa juu ya mkono wa gauni la mtoto.

Mama alisikia wanavyonong'onezana, akauliza ni lenzi gani iliyonunuliwa, na alipojibiwa aliomba ashikwe mkono hadi ukutani, palipotundikwa picha ya ujana wake. Wote walikuwa wameizoea picha ile: nyembamba kuliko fremu yake, na mkono wa mama umenyooshwa kukishika kitu, ukakatikia ukingoni.

"Ulikuwa na kaka, mwanangu," alisema. "Nilimwomba baba yako anichapie picha nzima, asinipunguzie. Akanichapia. Tukamwona huyo, kando ya mtoto. Baba yako akachukua mkasi, akamkata, akasogea. Akamkata tena." Akapapasa kioo cha fremu. "Alikata mpaka mwanangu akaisha kwenye picha. Na humu nyumbani akaisha."

Asubuhi wakamwita mganga. Alifika hadi mlango wa chumba cha giza, akanusa, akakataa kuvuka kizingiti. Aliwaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba majini yanayovamia anajua kuyatoa, lakini huyu hakuvamia. Alikuwa nje miaka yote, akingoja mtu ampe nafasi, naye amepewa. Kuifuta picha au kuichoma ni kuwachoma wote waliomo.

"Huondoka na aliye ukingoni," alimaliza. "Zaidi ya hapo msiniulize." Akashika njia, na hakugeuka nyuma.

Hapo mama akauliza swali la ajabu. Alitaka kujua kama ni kweli, alivyosikia, kwamba filamu ikiwekwa kinyume watu huhama na yule hahami. Mwanawe aliposema ndiyo, alitabasamu lile tabasamu la kwenye picha.

"Basi igeuze, baba. Mimi nikae kulia."

Mkwewe alilia akamshika magoti, naye akamtania kwamba tangu lini mkwe akagombania nafasi na mama mkwe. Mwanawe alikataa, akakataa tena, mpaka Chiriku alipoanza kutetemeka na ule ubaridi ulipompanda begani kuelekea shingoni.

Wakaingia wawili chumbani mchana kweupe, mama na mwana, wakaufunga mlango, na giza likawapokea kama linalowajua; na alipokuwa akiigeuza filamu alisikia trei zikigeuka chali rafuni, moja baada ya moja, na maji yakimiminika ndani ya kila moja, na harufu ya siki ikapanda hata ikamwasha macho, na nyuma ya pumzi yake na pumzi ya mama akasikia pumzi ya tatu, ndefu, tulivu, pumzi ya mtu aliyezoea kungoja, nayo haikutoka pembeni mwa chumba tena bali karibu na kiti alichokalia mama, mkono wake wa kulia, pale hasa ambapo katika picha mpya iliyowaka kwenye kioo yule wa kijivu alikuwa amesimama akimwinamia.

"Nimeonekana vizuri?" mama aliuliza.

"Umependeza, mama."

"Basi kata."

Alikata. Alisogeza mstari ukampitia yule mtu, ukampitia mama na tabasamu lake, ukakomea begani mwake mwenyewe. Maji yakanyamaza. Kiti kando yake kikalia mlio mdogo, kama kinavyolia kiti kinapoachwa na uzito, na alipowasha taa kilikuwa kitupu, na shali ya mama ilikuwa imekunjwa vizuri juu yake.

Kisha, kutoka sebuleni, akasikia sauti ya Chiriku. Alikuwa anasema. Anasema bila kituo, kama zamani, maneno yakifukuzana, na mpigapicha akaficha uso katika shali akalia kwa uchungu na kwa shukrani pamoja, asijue kipi ni kipi. Akainua macho kuitazama picha kwa mara ya mwisho. Ukingo wa kulia ulikuwa mweupe, mtupu, safi.

Katika hofu yao yote hakuna aliyekumbuka kwamba picha ina kingo mbili. Filamu ilikuwa imegeuzwa; aliyekuwa kulia sasa alikuwa kushoto. Na kushoto, kando ya binti yake, amesimama yule mtu wa kijivu, mrefu kuliko jana, na mkono wake ulikuwa umetulia juu ya kichwa cha mtoto.

Sebuleni Chiriku aliendelea kuzungumza na mtu kwa furaha, akimsimulia habari za bibi, akimuuliza mbona hajibu. Kisha, kwa adabu yote aliyofundishwa ya kukaribisha wageni, akasema:

"Ingia ndani basi. Usisimame hapo ukingoni."