Truti wa Aganze

Soko la Nyawera likifurika asubuhi, hata sindano haipiti. Lakini siku ile watu walipisha wenyewe, maana Aganze alikuwa amebeba begani chupa kubwa ya chuma, na mama mmoja muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alishapiga kelele: "Mupishe! Ni oksijeni! Kuko mutu anakufa!"

Godelive, mwalimu wa shule ya mtaa wa Muhumba, aliyevaa kitenge cha manjano kilichomkaa barabara, alimwonea huruma, akamshikia mkoba.

"Mugonjwa ni nani, papa?"

"Hakuna mugonjwa, maman. Naenda kuangalia samaki."

Wakitembea alimweleza. Wazungu waliokuja kupima gesi ya ziwa walimfundisha kuzamia, wakamwachia chupa, miwani na vazi la mpira. Ziwani alishawaona sambaza wakimpita kichwani kundi zima. Kilichomkosesha usingizi ni truti, samaki mwenye madoadoa, ambaye mapadri wa zamani walimpandikiza kwenye mito baridi ya milimani.

"Unaingia mu maji kumuangalia, na haumukule?" Godelive alicheka mpaka akashika mbavu. "Njo weye uko mugonjwa!"

Penzi halikukawia. Kila jioni simu ilikuwa sikioni.

"Chéri, leo umelala na samaki gani?"

"Niko na moja tu. Iko Muhumba, inasahihisha makaratasi ya batoto."

Papa Ignace, babake Godelive, mkulima wa Nyantende, alimpenda kijana siku ya kwanza tu, akamwita mkwe kabla mahari haijatajwa.

Mvua zilipokatika, mto wa milimani ukawa safi. Chupa ilikuwa imejaa, na kuijaza si mchezo: kulitaka kuvuka mpaka na kubembeleza watu. Aganze alishaifunga kwenye pikipiki simu ilipolia.

"Aganze, papa anashindwa kupumua! Tuko ku hospitali, hapa Ibanda. Banasema oksijeni imeisha. Leta chupa yako, mbio!"

"Godé, sikia. Ile haiko oksijeni. Ni hewa tu, hii hii tunapumua. Haitamusaidia."

"Weye chini ya maji inakusaidia!"

"Ni hewa, chérie. Nakuapia."

"Kuya nayo basi."

"Nitakuya jioni. Nakuahidi."

Aganze alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo balaa lenyewe. Mwenye kusema kweli haoni sababu ya kukimbia. Basi akawasha pikipiki, akapanda milima.

Maji yalikuwa baridi ya kuuma meno. Chini ya poromoko la maji, nyuma ya jiwe, aliwakuta truti watatu wameukabili mkondo, madoa mekundu ubavuni, mikia ikitikisika kidogo tu. Alikaa nao mpaka hewa ikakaribia kwisha. Tangu azaliwe hakuwahi kufurahi namna ile.

Alipofika hospitali jioni, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka jingine.

Matanga yote Godelive hakupokea simu yake. Mwishowe Aganze akajikaza, akaenda Nyantende, shati jeupe limepigwa pasi, maneno ameyapanga njia nzima. Godelive alitoka kumlaki nje ya ua, kitenge cheusi, macho makavu.

"Docteur alinielezea," alisema. "Hata ungeileta, haingesaidia kitu. Ulisema kweli."

Moyo wa Aganze uliruka kwa matumaini. "Basi nisamehe, Godé. Turudiane. Ile chupa nitaiuzisha."

"Balikuwa kule, truti yako?"

Angeweza kudanganya. Hakuweza. "Balikuwa."

"Bazuri?"

"Bazuri sana."

Godelive aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Papa aliniuliza kama uko wapi. Nikamuambia uko njiani. Kila mutu akifungua mulango, anainua kichwa aone kama ni weye. Aganze, aliangalia ule mulango mpaka mwisho. Na mi naangalia pamoja naye."

"Godé, nihurumie. Nakupenda."

"Najua. Na mi sina hasira. Ingekuwa hasira, siku moja ingeisha."

Akajifunga kitenge vizuri, akarudi ndani kwa wanawake waliokuwa wakichambua maharage. Aganze alibaki palepale. Alisikia shangazi mmoja akiuliza nani yule pale nje.

"Ni mutu alikuwa anapita," Godelive alijibu.